Dhahabu ya Kilembe na sigiri ya shemeji

Kuwa na shemeji mjuaji ni mzigo. Kuwa naye Kilembe ni mzigo wa kilo nane, na mkoba ulikuwa wangu.

Tulipanda kutoka Kasese, magharibi mwa Uganda, kutazama mji wa shaba. Bonde jembamba, mto Nyamwamba katikati, nyumba za wachimbaji zimepangwa safu safu mlimani, mabati yana kutu, na juu ukungu wa Rwenzori. Mgodi ulianza kuzalisha 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese, ukafungwa 1982. Mto wenyewe una hasira: tarehe 1 Mei 2013 ulifurika na kubomoa madaraja na nyumba, na hadi leo unamega malundo ya mabaki ya mgodi. Kwenye lundo moja shemeji akaona manjano inameta.

"Shemeji, umaskini kwaheri!"

Usiku akaazima sigiri kwa mama mwenye nyumba. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, joto ambalo sigiri bila mvukuto haitoi. Tukapanga mawe matatu juu ya makaa, tukafunga dirisha majirani wasione utajiri. (Usifunge dirisha na mkaa unawaka. Hewa yake huua kimya kimya.)

Jiwe la kwanza likapasuka, pa! Cheche zikatoboa neti ya mbu. Kisha moshi: kama viberiti mia vimewashwa puani kwa mpigo. Salfa iliyo ndani ya jiwe hukutana na moto na hewa, ikawa gesi ya kuchoma koo. Tukatokea uani na bukta, tunakohoa, mama mwenye nyumba mbele yetu na mwiko.

Asubuhi akamwita mzee aliyewahi kuchimba humo. Mzee akaomba kikombe, akakipindua, akakwaruza jiwe kwenye duara la chini lisilopakwa rangi ya kung'aa. Mstari mweusi wa kijanikijani.

"Dhahabu huacha mstari wa dhahabu, wanangu."

Akajaribu kisu. Kikateleza.

"Jiwe la shaba kisu hulikwangua. Hili limekishinda. Ni pairiti, chuma na salfa."

"Hata shaba hatukupata?"

"Hata shaba. Na sisi wenyewe hatukuyeyushia hapa. Tulisaga, tukatenganisha kwa maji ya povu, tukapakia kwenye garimoshi hadi Jinja, kwenye umeme wa bwawa la Owen Falls. Ninyi mmekuja na sigiri?"

Mama mwenye nyumba akacheka mpaka akakaa chini, kisha akataja bei ya neti. Nililipa mimi.

Mzee, kwa kutuonea huruma, akaongeza kwamba pairiti ya Kilembe ina kobalti kidogo, metali ya kutengenezea betri. Kule Kasese kiwanda kiliwahi kuitoa kwenye lundo la mabaki: unga wa jiwe uliwekwa ndani ya matangi, bakteria wakalila polepole, kobalti ikabaki kwenye maji.

Shemeji alikuwa amenyamaza tangu neti itajwe. Sasa akamgeukia mama mwenye nyumba.

"Mama, ndoo unayo?"