Gololi kwenye paipu ya breki

Breki inayovuja ina dawa moja ambayo karibu kila gereji ya chini ya mwembe inaijua, na mimi naipinga moja kwa moja. Gurudumu moja likianza kuvujisha oili, fundi anafungua paipu inayokwenda huko, anatumbukiza gololi ndogo ya beringi na kukaza nati. Asiye na gololi anaikunja paipu na kuigonga nyundo mpaka ilale. Kama ni hozi ya mpira, inabanwa kwa vaisi gripu. Oili inakata, pedali inarudi juu, mteja anatoa hela ya soda na kuwasha gari. "Bosi, hiyo inakufikisha popote."

Kwenye foleni za mjini hutaona tofauti yoyote, na ndiyo maana dawa hii imedumu. Gari linashika kwa magurudumu matatu na linasimama. Subiri siku ukanyage ghafla lami ikiwa imelowa: upande wenye breki zote mbili unashika kuliko mwenzake, na usukani unavutwa huko kabla hujajua kinachoendelea. Ukiteremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, joto lililopaswa kugawanywa kwa magurudumu manne linabebwa na matatu. Trafiki atakuuliza kizimamoto na pembetatu, utamwonyesha, utaendelea na safari.

Najua jibu la wenye magari ya biashara: gari ndiyo shamba, likilala leo watoto hawali. Nalielewa, ila hesabu yenyewe haiungi mkono hoja. Mipira ya silinda ya gurudumu, ile inayozuia oili kutoka pale inaposukuma breki, ni kati ya spea za bei ya chini kabisa dukani, na kazi ya kuibadilisha si ya siku nzima. Mara nyingi anayeharakisha si fundi, ni sisi wateja tunaosimama nyuma yake na funguo mkononi tukiuliza "bado tu?" Fundi akiona hivyo anakupa unachokitaka.

Ndugu wa gololi ni kuongeza. Kila wiki kopo dogo la oili ya breki, kila wiki linaisha, na mwenye gari anaona ni kama petroli. Oili ya breki haiungui. Ikipungua, ama pedi zimelika, pistoni zinazozisukuma zimesogea nje na oili imeshuka kuzifuata, jambo la kawaida, ama kuna mahali inatoka. Kagua pedi kwanza. Zikiwa bado nene, chungulia upande wa ndani wa kila tairi ukitafuta unyevu mweusi unaoshika vumbi. Pasipokuwa na kitu, tazama nyuma ya masta, silinda kuu inayosukuma oili ukikanyaga pedali, pale inapoungana na lile duara kubwa jeusi linaloongezea mguu nguvu. Masta ikivujia humo ndani, chini ya gari pakavu kabisa na oili inapungua vilevile.

Breki za ngoma za nyuma ndizo zinazoficha zaidi. Ngoma ikishavuliwa, chukua bisibisi na inua ukingo wa kofia ya mpira iliyofunika silinda. Pakiwa na unyevu kidogo tu, wengi huachia. Ikichuruzika mpaka kwenye viatu vya breki, vile vinavyosugua ngoma, mipira ya ndani imekwisha. Hapa ndipo ubishi wangu na mafundi unapoanza: kubadilisha mipira peke yake kunatosha endapo ukuta wa silinda ni laini. Pitisha kidole ndani. Ukikuta vishimo vya kutu, na magari ya Dar, Tanga na Mombasa kutu si mgeni, mipira mipya italiwa na vishimo hivyo na utarudi gereji muda si mrefu. Nunua silinda nzima. Viatu vilivyolowa oili navyo vitupwe, pande zote mbili. Kuvichoma kwa petroli na kuvipiga msasa ni kujifurahisha.

Spea za mtumba sizikatai zote. Kaliapa iliyotumika, ile inayobana pedi kwenye diski, ikiwekewa mipira mipya na pistoni isiyo na kutu, inafanya kazi vizuri. Hozi ya mpira iliyotumika sinunui hata nikipewa bure, kwa sababu huwezi kuona ndani yake. Na paipu ya chuma iliyotoboka isichomewe gesi. Tairi unalijaza upepo wa PSI 32 hivi. Kwenye paipu ya breki, ukikanyaga kwa nguvu, kipimo hichohicho kinapita 1,000.

Oili yenyewe fuata maandishi ya kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, yaani madaraja ya oili ya breki. Hizi hunyonya maji kutoka hewani. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji yanayokaribia asilimia 4 inaweza kuchemka kwenye 140, na ikichemka pedali inazama kama umekanyaga godoro. Kwa hiyo kopo lililobaki wazi stoo tangu mwaka jana ni la kutupa. Oili ya injini au ya giaboksi isikaribie hapo kabisa. Inavimbisha mipira yote, kuanzia masta mpaka gurudumu la mwisho, na hapo kazi ya gurudumu moja inageuka kazi ya gari zima.

Kutoa upepo ulioingia kwenye paipu za breki zikifunguliwa kunataka watu wawili na subira. Mmoja anapampu ndani, mwingine chini anaita "shikilia!", anafungua nati ya kutolea upepo, anafunga, ndipo anasema "achia". Kwa magari mengi yetu yenye usukani kulia huanzwa na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta, ingawa yapo yenye utaratibu wake, na baadhi ya yenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, huhitaji mashine.

Kabla hujalipa, washa injini, kanyaga pedali na uishikilie kwa dakika moja hivi. Ikisimama imara, mwambie fundi akanyage yeye, wewe uiname na tochi uangalie kila nati iliyofunguliwa. Ikizama polepole bila tone kuonekana popote, masta inapitisha oili ndani kwa ndani, na funguo zibaki gerejini.