Kuba la Kiarmenia Litazame Kwenye Kona

Picha nyingi za makanisa ya kale ya Armenia zinafanana: paa la mawe lenye umbo la pia, limechongoka, na nyuma yake mlima uliovaa theluji. Watu wanalisifia paa. Mimi nahisi wanasifia kofia na kumwacha mwenye kofia. Lile paa lipo kumwaga theluji na mvua. Ukiwa ndani hulioni kabisa. Unachokiona ni kuba la duara, mithili ya bakuli lililofunikwa, na ustadi wenyewe uko chini ya bakuli hilo, kwenye kona.

Chukua boksi la mraba na bakuli ambalo mdomo wake una upana sawa na boksi. Lifunike juu. Litagusa kuta katika sehemu nne tu, katikati ya kila ukuta, na kona zote nne zitabaki wazi. Kwa bakuli la uji si neno. Kwa tani na tani za mawe, katika nchi inayotikiswa na matetemeko ya ardhi, hizo kona nne ndizo mtihani.

Jibu ninalolipenda kuliko yote liko Vagharshapat, mji wa Armenia, kwenye kanisa la Mtakatifu Hripsime, alilolijenga Katolikosi (mkuu wa Kanisa la Armenia) Komitas mwaka 618. Mafundi walizisukuma kuta nne nje zikawa nusu duara. Kisha katika kila kona wakachimba shubaka refu la mviringo, na juu yake wakapiga tao. Mraba ukawa na pande nane. Juu ya hapo vikafuata vitao vidogo zaidi, vikizila pembe zilizobaki, mpaka duara likapatikana na shingo ya kuba, yaani ukuta wa duara unaolibeba, ikapata pa kukaa. Nimezikodolea macho picha za ile sehemu mpaka simu ikazima, na bado sijui ni jiwe gani hasa ambapo mraba unakoma. Kuba lina upana wa mita 10 hivi, wala halijidai. Jengo limesimama hadi leo.

Kuta nazo zina siri yake. Mawe ya tufa yaliyochongwa, mepesi kwa kuwa yalitokana na majivu ya volkano, yamepangwa upande wa ndani na wa nje, yakabanana hata huoni chokaa. Katikati kumemwagwa mawe ya ovyo ovyo na chokaa, vikagandamana vikawa kitu kimoja. Unaloliona ni ngozi. Nyama iko ndani.

Sasa nenda mwendo mfupi tu kutoka hapo, ukayaone magofu ya kanisa la Zvartnots. Katolikosi Nerses wa Tatu, aliyeitwa Mjenzi, alianza kulijenga miaka ya 640, na alitaka makubwa: kanisa la duara, la ngazi tatu, na ndani yake kuta tatu kati ya nne zilizopinda zikageuzwa safu za nguzo ili mwanga upite. Wengi wanaliita kilele cha ujenzi wa Kiarmenia, na uwanja wa ndege wa Yerevan umepewa jina lake. Mimi nabisha. Lilianguka katika karne ya 10, na ukitazama jinsi mzigo wa kuba ulivyotua juu ya nguzo zile, hushangai sana. (Hripsime halijapewa uwanja wa ndege. Lina kazi ya kusimama.)

Kinachonichekesha ni kisa cha fundi mjenzi Trdat. Tetemeko la mwaka 989 lilipolipasua kuba la kanisa la Hagia Sophia kule Constantinople (leo Istanbul), ambalo upana wake ni mara tatu ya lile la Hripsime, Mwarmenia huyu ndiye aliyelitengeneza. Kwao Ani, mji mkuu wa Armenia wakati huo, alijenga kanisa kuu lenye nguzo zilizofungwa kama matita ya kuni na matao yaliyochongoka, likamalizika mwaka 1001. Halafu Mfalme Gagik wa Armenia akamtaka ajenge nakala ya Zvartnots. Akajenga. Nayo ikaanguka! Mtu aliyeliponya kuba la wengine alirudia kosa la nyumbani kwa sababu mfalme alipenda umbo lile.

Hata kanisa kuu la Ani, ambalo leo liko upande wa Uturuki, lilipoteza kuba mwaka 1319 kwa tetemeko. Matao manne yamebaki yakibeba anga.

Lakini kama unataka darasa, usiishie hapo. Tembea kidogo mpaka kanisa la Mwokozi, la karibu mwaka 1035. Mwaka 1957 dhoruba iliangusha nusu yake, toka kuba hadi msingi, nusu nyingine ikabaki wima kama mkate uliokatwa kwa kisu. Pale unaona kila kitu kwa mkupuo: ngozi ya tufa nje, ngozi ya tufa ndani, na katikati yake chokaa na mawe ya ovyo ovyo, yamepanda mpaka kwenye shingo ya kuba.