Nilivyoukaanga Ukulele Wangu

Jirani alipita nyumbani akamuuliza binti yangu mdogo, "Baba yuko wapi?" Mtoto akajibu bila hata kuinua macho kwenye mdako wake: "Baba yuko chumbani anapiga ukelele."

Hapa Mwanga, Kigoma, jibu kama hilo halisubiri swali la pili. Baba Shukuru aliingia kwangu na mpini wa jembe, nyuma yake vijana wawili wa bodaboda, na nyuma yao mama muuza ndizi aliyeacha sinia lake barabarani bila mlinzi. Walinikuta nimeketi kitandani na singlendi, nimekumbatia kitu chenye ukubwa wa mtoto mchanga, nakikuna tumbo.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Nyoka! Si umepiga ukelele?"

"Ni ukulele, Baba Shukuru. U-ku-le-le. Chombo cha muziki."

Akakichukua, akakigeuzageuza, akahesabu nyuzi nne, akanirudishia. "Kumbe gitaa lako la kwaya limejifungua," akasema. "Hongera sana." Yule mama alirudi mbio kwenye ndizi zake, na mpaka leo anadai zilipungua mbili na kwamba mdaiwa ni mimi.

Mtoto sikumlaumu. Kelele ikiwa moja ni ukelele, ndivyo Kiswahili kilivyo. Ukulele zikiwa nyingi sijui tuziiteje. Kwa mfano wa ukuta na kuta, ukucha na kucha, zingepaswa kuitwa kulele. Mimi nafundisha historia, hilo nawaachia wenye somo lao.

Ukulele huo nilitumiwa na dada yangu wa Dar kwa mkono wa abiria wa treni, umefungwa kwenye kanga mbili na gunia la sulfeti. Alijua nimechoka kupiga gitaa la kwaya ambalo lina umri wa kustaafu. Na mwalimu wa historia hawezi kumiliki kitu bila kukihutubia, kwa hiyo jioni ya kwanza mke wangu na watoto walisikiliza somo zima kabla sijagusa uzi. Mwaka 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu ikiwa na Wareno kutoka kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Hawaii. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Kwao Madeira kulikuwa na kigitaa cha nyuzi nne. Wakaanza kukitengeneza kule kwa mti wa wenyeji uitwao koa, na inasimuliwa kwamba watu wa Hawaii walipoona vidole vinavyorukaruka juu ya nyuzi wakakiita ukulele: uku ni kiroboto, lele ni kuruka. Kiroboto arukaye.

"Kiroboto," mke wangu alirudia. "Dada yako amekutumia kiroboto kutoka Dar."

Mnaomba nifike kwenye ajali. Nafika.

Ukulele wenyewe ulikuwa mzuri, wa rangi ya chai ya rangi, unang'aa kiasi cha kunyolea ndevu. Ila pale shingo inapoungana na mwili palikuwa na tone la vanishi lililoganda likiwa linateremka, mfano wa chozi. Siku ya kwanza sikuliona. Siku ya pili nililiona. Siku ya tatu sikuona kitu kingine chochote. Nikawa napiga wimbo huku kidole gumba kinalitafuta lile tone kama ulimi unavyotafuta jino bovu.

Halafu nikaingia mtandaoni, na huko ndiko nilikoharibikiwa. Nilisoma kwamba ubao wa mbele wa ukulele ni mwembamba, milimita 2 hivi, na kwamba ubao huo ndio unaotikisika na kutoa sauti. Vanishi ikiwa nene, ni sawa na kumvisha mwimbaji koti la mvua. Nikashawishika. Sauti niliyokuwa naifurahia jana yake ghafla nikaanza kuisikia imebanwa na mafua.

"Naung'arisha upya," nilimwambia mke wangu. "Naondoa vanishi, nautia mafuta, mbao ipumue."

"Baba Neema, kitu kimekuja juzi, kinang'aa. Lazima ukitie kasoro ndiyo kiwe chako?"

Babu yangu alichonga mitumbwi Ujiji. Nilimkumbusha. Yeye akanikumbusha kwamba stuli niliyoichonga mwenyewe mwaka jana iko jikoni imeegemezwa ukutani, ikitolewa hapo inaanguka.

Dukani muuzaji aliniuliza, "Msasa namba ngapi?" Alikuwa na wa 60, wa 120 na wa 240. Nikatumia akili niliyosomeshwa: 60 ni ndogo, kidogo ni kipole, nami nashughulika na kitu laini. Nikachukua 60. Akaniuliza kama napiga msasa geti. Nikamwambia ni ukulele. Akaniambia pole, nadhani alifikiri ni jina la ugonjwa.

Sasa najua kwamba namba ile inatokana na chekeche: matundu yakiwa mengi ndani ya inchi moja, punje zinazopita ni ndogo. Namba ikipanda, msasa unalainika. Wa 60 ndio ule ukipitisha kwenye mlango wa mninga mlango unalia.

Nilikaa chini ya mwembe Jumamosi asubuhi, redio pembeni, ukulele mapajani, nyuzi nimezilegeza. Lile tone liliondoka kwa mpapaso mmoja. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeacha. Lakini mahali lilipokuwa pakabaki alama, nikaifuata alama ile nipate kuisawazisha, alama ikashika njia kwenda tumboni nami nikawa nyuma yake. Vumbi lilitoka jeupe kama sembe, hiyo ni vanishi. Likatoka la kahawia, nikafurahi, sasa tumefika kwenye mbao. Nikaongeza mkono. Likatoka tena jeupe.

Nikapuliza. Katikati ya ubao wa mbele palikuwa na doa refu, jembamba, lililopinda kidogo kuelekea kaskazini. Ziwa Tanganyika kama lilivyo kwenye ramani, imebaki kuandika Bujumbura. Na nyuzinyuzi za mbao ndani ya doa zilikwenda kushoto na kulia, ilhali za nje ya doa zilikwenda juu na chini. Hata mjukuu asiyechonga stuli anajua maana yake. Plaiwudi. Ile rangi ya chai ilikuwa ngozi tu, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na mimi nilikuwa nimeimenya.

Nilikaa na ule msiba hadi harufu ya chakula iliponifikia. Mke wangu alikuwa anaunga migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mawese. Wasio wa Kigoma hawatanielewa, lakini nyie wenzangu mnaijua ile rangi mawese yakishapata moto: nyekundu ya machweo, inashika kijiko cha mbao, inashika sufuria, inashika kola ya shati na haitoki hata kwa jiki. Nikatazama kile kijiko chake cha mbao. Kilikuwa na umri wa ndoa yetu, chekundu, kinang'aa, hakijawahi kupasuka. Nikautazama ukulele.

Naomba nieleweke kwamba nilikuwa na ushahidi wa kihistoria. Wajerumani walipoizamisha meli yao ya Graf von Götzen humu ziwani mwaka 1916, mafundi wake waliipaka girisi mitambo kwanza. Mwaka 1924 ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mafuta yakatunza chuma ndani ya ziwa, yatashindwaje kutunza kigitaa juu ya kabati?

Nilichota nusu kikombe mke wangu alipokwenda kuchota maji. Nikapaka kwa kitambaa, mkono wa kwanza. Doa likanywa, likawa jekundu, likapotea. Nisiseme uongo, ulipendeza. Nikapaka wa pili. Wa tatu niliupaka kwa furaha tu, mbele, nyuma, mbavuni, hadi shingoni.

Usiku ule paka alilala juu ya kabati kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Alfajiri ya Jumapili ilikuwa na baridi, ule upepo wa mwezi wa saba unaotoka milimani. Nikaugusa ukulele kwa wasiwasi: mkavu! Umeshika utando wa aina yake, kama nta. Niliwaamsha watu wote waje waguse. Mke wangu aligusa, akanusa kidole, akanitazama, akaenda kupima kidumu chake cha mawese. Hakusema kitu, na katika miaka kumi na miwili nimejifunza kuogopa hasa hapo.

Kanisani tulikuwa na mgeni. Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Kasulu kumwona mjukuu, na wazee wa kanisa wakamketisha kiti cha mbele kabisa, hatua nne kutoka kwaya ilipo. Alikuwa amevaa gauni la lesi, jipya, jeupe. Nasisitiza jeupe.

Kwaya yetu ilipangiwa kuimba baada ya mahubiri. Mahubiri yakawa marefu. Kanisa letu ni la bati, na saa nne na nusu jua la Kigoma lilikuwa limesahau habari za alfajiri. Nilianza kusikia harufu ya jikoni. Mwenzangu wa sauti ya nne akaninong'oneza, "Leo kuna chakula?" Nikatazama mkono wangu wa shati: umeingia rangi ya machungwa hadi kwenye kiwiko.

Tukasimama. Utangulizi wa wimbo ulikuwa wangu peke yangu. Ukulele, kwa wasioujua, hauna mkanda wa begani kama gitaa, angalau wangu hauna. Unaubana kifuani kwa mkono ule ule unaopiga. Nikapiga kodi ya kwanza, yaani nyuzi kadhaa kwa pamoja, vidole vikateleza hadi kwenye kodi ya tatu. Nikaubana zaidi usiteremke. Mnajua kipande cha sabuni ukikibana bafuni?

Kiroboto akaruka.

Ulitoka kwapani kwangu ukiwa unatazama mbele, ukazunguka mara moja hewani kwa madaha, ukiimba wenyewe nyuzi zote nne, na hapo mimi, mbele ya mchungaji, wazee na kwaya mbili, nikapiga ukelele. Wa kweli, ule ambao Baba Shukuru aliukimbilia na mpini. Alikuwepo, akasimama.

Ulitua mapajani kwa mama mkwe, kifudifudi.

Kanisa zima kimya. Mama aliuinua taratibu kwa vidole viwili. Kwenye lesi pakabaki picha yake kamili, duara dogo juu na kubwa chini, namba 8 nyekundu ambayo mchoraji asingeipata vizuri vile. Akaunusa. Akanitazama kwa ile huruma ya mtu aliyekuozesha binti yake akiwa na akili timamu.

"Baba Neema," akasema, na kipaza sauti cha kwaya kikamsikia, "hiki huwa mnakipiga au mnakila?"

Jumatatu niliupeleka kwa fundi mmoja mzee Ujiji. "Shikamoo, fundi." "Marahaba. Hicho ni nini, umekikaanga?" Nikamweleza yote, hata habari za Liemba. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema mafuta si mamoja. Kuna yanayokauka, kama ya mbegu za kitani, yakipata hewa siku kadhaa yanakuwa ngozi. Mawese hayakauki, hata ungoje mwakani. "Asubuhi yanaganda kwa baridi, wewe ukadhani yamekauka. Mwalimu, hujawahi kuona kidumu cha mkeo asubuhi?" Nilikuwa nimekiona kila siku ya maisha yangu.

Akauzika kwenye gunia la unga wa mbao siku nne unyonywe mafuta. Akaupangusa kwa spiriti, akaukwangua kwa kigae cha chupa, akaupaka shelaki, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, kwa bonge la pamba lililofungwa kitambaa. Vanishi ya kawaida alikataa, alisema haitashika juu ya shahamu. Lesi ya mama mkwe nilinunua nyingine. Ukitaka kujua bei, ni ukulele mmoja na chenji hakuna.

Sauti yake sasa ni kama ya kugonga boflo la juzi, lakini kodi zinatoka. Tatizo lililobaki ni mchana. Ikifika saa saba, jua likikaza, vitone vidogo vyekundu vinachomoza karibu na tundu, na paka anafika kabla yangu.

Dada alipiga simu wiki iliyopita. Tukasalimiana, akauliza watoto, akauliza mama mkwe alifurahi, nikakohoa.

"Na kile kigitaa? Bado kinang'aa vilevile?"

"Kinang'aa, dada," nikamwambia, huku nakipangusa na kanga. "Kuliko ulivyokituma."