Kambi ya jirani na mfuko wa halmashauri

Mwaka 2008 wapigakura wa kaunti ya Oklahoma, Marekani, waliridhia kukopa dola milioni 55 kununua kiwanda cha General Motors kilichofungwa, kisha kikakodishwa kwa kambi ya anga ya Tinker, jirani yao, kwa dola moja kwa mwaka. Hawakuwa wajinga. Tangu 1988 serikali yao imefunga kambi kwa awamu tano, na mji uliopoteza kambi hupoteza wapangaji na wateja kwa mpigo.

Je, halmashauri ya Ilemela, yenye kambi ya anga karibu na uwanja wa ndege wa Mwanza, nayo ifungue mfuko wake kuisaidia kambi hiyo? Hoja ya kukubali ina uzito. Askari ni mteja ambaye mshahara wake hauchelewi. Wenye vyumba vya kupanga, mama ntilie na bodaboda wanalijua hilo vizuri. Na ulinzi wenyewe si hadithi: mwaka 1979 ndege ya Libya iliyotumwa kuipiga Mwanza ilikosa shabaha, mabomu yakaua swala wa hifadhi ya kisiwa cha Saanane. (Maskini swala, vita vya Kagera havikuwahusu.)

Ila hofu ya Oklahoma hapa haipo. Kambi hii ni ya ulinzi wa nchi, haitahama kwa kunyimwa fungu la halmashauri. Kuilipia ni kumhonga mpangaji asiyewaza kuhama. Isitoshe, jeshi lina bajeti yake ya wizara, wakati mapato ya ndani ya halmashauri yana wenyewe: asilimia 10 ni mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na yanayobaki yanagombewa na madarasa na zahanati.

Mimi ningeipeleka hela kwa muuzaji wa dagaa anayetaka kuiuzia kambi chakula. Dagaa wengi bado wanaanikwa chini, mchangani. Hakuna jiko la watu mamia litakalopokea dagaa wenye mchanga, na mzabuni lazima awe amejisajili NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni), awe na mzani wa uhakika na mtaji wa kusubiri malipo. Sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu, lakini kikundi kisicho na hivyo vitu kitaishia kuisikia redioni. Vichanja, ghala dogo na mkopo wa kuvuka miezi ya kusubiri hundi: hayo ndiyo maendeleo. Kambi isiponunua, shule za bweni zipo, na wafanyabiashara wa Kongo wanapakia dagaa soko la Mwaloni Kirumba.