Wi-Fi imegoma, wewe unafuta kila kitu?

Inaudhi sana! Simu ikigoma kushika Wi-Fi baada ya sasisho, ushauri ni uleule: weka upya mipangilio ya mtandao. Nywila zote zinafutika, hata spika ya Bluetooth inasahaulika, na Wi-Fi bado haishiki.

Zima ruta sekunde 30, uiwashe. Ikigoma, tazama anwani ya MAC, yaani namba inayoitambulisha simu kwenye mtandao. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, simu ikiunganishwa na mtandao mpya hujitambulisha kwa anwani ya kubuni. Ruta iliyowekewa orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, kama za ofisini, haiitambui, inaikataa. Gusa alama ya gia pembeni mwa jina la mtandao, ingia Faragha, chagua MAC ya kifaa, unganisha tena. Kwa nini mtu apoteze nywila zake zote kwa hilo?