Miongozo ya usalama Afrika Kusini inamlenga mgeni gani?

Mwanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayekubaliwa kusoma muhula mmoja Cape Town, Stellenbosch au Johannesburg hupokea kijitabu cha maelekezo pamoja na barua yake ya udahili. Vijitabu hivi vinafanana sana. Usitembee peke yako jua likishazama. Usipande teksi za abiria wengi, yale mabasi madogo kama daladala. Usitoe simu barabarani. Kaa bweni la chuo, au nyumba ambayo ofisi ya wanafunzi wa kimataifa imeikagua. Waliokwenda na wanaotaka kwenda hubishana juu ya jambo moja: je, tahadhari hizo zifuatwe neno kwa neno, au zinamfungia mgeni ndani ya uzio wa chuo mpaka anarudi kwao bila kuijua nchi aliyoishi?

Pande zote mbili zina haki, lakini zote zinapitwa na jambo moja. Vijitabu hivyo, kwa sehemu kubwa, vinamfikiria kijana wa Kijerumani au wa Kimarekani. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anaonywa kupita kiasi kwa mambo aliyoyazoea tangu utotoni, kisha haonywi vya kutosha pale ambapo uafrika wake na pasipoti yake ndivyo vinavyomweka hatarini.

Upande wa tahadhari una ushahidi mzito. Polisi wa Afrika Kusini waliandikisha mauaji zaidi ya 27,000 katika mwaka wa 2023/24. Agosti 2019 Uyinene Mrwetyana, msichana wa miaka 19 aliyekuwa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Cape Town, alibakwa na kuuawa katika ofisi ya posta ya Claremont alikokwenda kufuatilia kifurushi. Muuaji alikuwa mfanyakazi wa posta hiyo. Maelfu ya wanafunzi waliandamana hadi bungeni. Anayesema kwamba maonyo ya vyuo ni woga wa wazungu tu aukumbuke msiba huo, hasa kama anamshauri dada yake mdogo.

Wanaopinga nao hawakosei wanaposema hatari haikugawanywa sawasawa. Sehemu kubwa ya mauaji ya Cape Town hutokea Nyanga, Khayelitsha, Delft na vitongoji vinavyofanana navyo, ambako watu maskini wanaishi na vita vya magenge. Rondebosch ya Cape Town au Hatfield ya Pretoria, karibu na vyuo, kinachomkuta mwanafunzi mara nyingi ni kunyang'anywa simu au mkoba. Na kifo cha Mrwetyana kinaumiza hoja ya vijitabu vilevile: hakuwa kichochoroni usiku, alikuwa mchana katika jengo la serikali. Orodha ya makatazo haimlindi mtu kwa kila jambo, ingawa hilo halimpi ruhusa ya kuitupa.

Suala la makazi kwangu ni jepesi. Chumba cha kupanga Observatory au Mowbray, mitaa ya Cape Town, mara nyingi kina nafuu kuliko nyumba zenye samani wanazowekewa wageni, na mwanafunzi wa shahada kamili anaweza kufaidi nafuu hiyo. Wa muhula mmoja, aghalabu, hapana. Wenye nyumba wengi wanataka mkataba wa mwaka, amana na taarifa za benki ambazo mgeni wa miezi mitano hana. Matapeli wa mtandaoni wanajua haraka aliyonayo, wanamtumia picha za chumba ambacho si chao na kupokea amana kabla hajapanda ndege. Zaidi ya hapo, ukiwa bwenini unapata barua ya uthibitisho wa makazi, na barua hiyo ndiyo utakayoombwa unaposajili laini ya simu au kufungua akaunti. Ninachomsihi mwanafunzi ni kuomba bweni wanakokaa Waafrika Kusini wenyewe, kama chuo kina nafasi. Nyumba ya wageni watupu itakupa marafiki wazuri wa Uholanzi na Norway, lakini hutajifunza hata salamu ya Kixhosa.

Kwenye usafiri ndipo ninapoachana na vijitabu. Kumwambia mtu aliyekua na daladala za Mbagala au matatu za Rongai asiguse kabisa basi dogo ni kumnyima chombo ambacho mamilioni ya wananchi wanakitegemea kila siku. Anachohitaji ni kuelekezwa taratibu zake. Cape Town utamkuta mtu mlangoni akiita njia, kama konda wa kwetu. Johannesburg konda hayupo: nauli inapitishwa mkono kwa mkono hadi mbele, na aliyekaa karibu na dereva ndiye anayehesabu chenji, kwa hiyo usikae pale siku ya kwanza. Gari linasimamishwa kwa ishara, na kidole cha shahada kikielekezwa juu maana yake unakwenda mjini. Mambo haya mwenyeji anayapata bila kufundishwa, mgeni lazima aambiwe.

Hata hivyo, hatari ya teksi hizo si hadithi. Vyama vyake hugombania njia kwa risasi, na mgomo wa Agosti 2023 ulivuruga Cape Town kwa wiki nzima, magari yakachomwa na watu wakauawa. Kwa hiyo mchana, kwenye njia inayojulikana, safari za kwanza ukiwa na mwanafunzi mwenyeji, sioni sababu ya katazo. Usiku basi la chuo, au gari la kuitwa kwa programu ya simu. Wasichana hapa wana hesabu yao wenyewe, na sitawalaumu wakiifanya kali zaidi.

Sasa tuje kwenye makaratasi, ambayo vijitabu vingi huyapitia haraka na wanafunzi wetu huyapitia haraka zaidi. Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90. Mkenya naye tangu Januari 2023 anaruhusiwa siku 90 kwa mwaka. Urahisi huo ni mtego. Muhula wa kwanza unaanza Februari na kuisha Juni, wa pili Julai hadi Novemba, na yote miwili inazidi siku hizo. Kuna wanaopeana moyo kwamba utaingia kama mtalii kisha utabadilisha ukiwa hukohuko. Kwa kawaida sheria hairuhusu: viza ya masomo inaombwa ukiwa kwenu. Anayezidisha muda kwa siku zisizofika 30 anaweza kupigwa marufuku kurudi kwa miezi 12, na akivuka siku 30 marufuku inafika miaka 5.

Mwanafunzi wa Ulaya anabanwa na sheria hiyohiyo, lakini hasimamishwi njiani mara nyingi kama sisi. Ghasia za chuki dhidi ya wageni za Mei 2008 ziliua zaidi ya watu 60, zikarudi Durban 2015 na Johannesburg Septemba 2019, na waliolengwa zaidi walikuwa Waafrika wa nchi nyingine. Mara kwa mara polisi wanawatambua watuhumiwa wa uhamiaji kwa lafudhi na sura. Tahadhari ya mwanafunzi wetu basi ianze na nakala ya pasipoti na ya ukurasa wa viza, iliyogongwa muhuri. Vituo vya polisi vya nchi hiyo huthibitisha nakala bila malipo. Tembea nayo, pasipoti yenyewe ibaki imefungiwa chumbani.

Wapo Watanzania wanaosema kwa uchungu: tuliwapa Mazimbu. Ni kweli. ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, kiliendesha Chuo cha Solomon Mahlangu pale Mazimbu, Morogoro, hadi 1992, vijana wa Afrika Kusini wakasoma na kulelewa kwenye ardhi yetu, na leo pale ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Utakutana na wazee na wahadhiri Afrika Kusini wanaolikumbuka hilo kwa machozi, na mlango wa kwanza wa urafiki unaweza kuwa huo. Lakini askari kijana wa kizuizi cha barabarani hakuzaliwa wakati huo, na anachotaka ni karatasi.

Bima nayo inasomeka tofauti ukiwa Mwafrika. Kwa viza ya masomo unatakiwa bima ya mfuko wa matibabu uliosajiliwa Afrika Kusini chini ya sheria ya 1998, na vyuo kwa kawaida hudai uilipie muda wote kabla ya kuanza. Wengi hulalamika kwamba ni gharama ya bure kwa kijana mwenye afya, na kwa familia inayochangishana nauli malalamiko hayo yana uzito. Katiba ya nchi, kifungu cha 27, inasema hakuna atakayekataliwa matibabu ya dharura. Ila 2025 watu wa Operation Dudula, kundi linalopinga wageni, walisimama milangoni mwa zahanati za umma wakidai vitambulisho na kuwarudisha wageni, mpaka Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipolizuia kundi hilo Novemba mwaka huohuo. Bima hiyo inakuwezesha kutibiwa bila kupita kwenye mlango wa namna hiyo. Sijaona kijitabu kinachomweleza mwanafunzi hivyo.

Fedha nitasema kwa ufupi. M-Pesa haipo. Vodacom waliipeleka Afrika Kusini 2010 wakaifunga 2016, maana watu wengi kule tayari walikuwa na kadi za benki. Nenda na kadi inayofanya kazi nje, na usiwe na moja tu. Beba pia sweta nzito: Juni na Julai ni baridi kali, Cape Town ikiwa ya mvua na Johannesburg ikiwa kavu, na nyumba nyingi hazina mitambo ya kupasha joto.

Ofisi za vyuo vya Afrika Kusini zina sababu ya kuandika kwa uwoga, kwa kuwa mgeni akidhurika ndizo zinazowapigia wazazi. Vyuo vyetu vinavyowapeleka wanafunzi havina sababu ya kuwakabidhi kijitabu hicho peke yake. Waliorudi wapo, na wanajua nani alisimamishwa wapi, teksi ipi ilifaa na mwenye nyumba gani alitoroka na amana. Waitwe waseme kabla kundi jipya halijaondoka. Hati ya polisi inayoambatanishwa na maombi ya viza haitakiwi kuwa na umri unaozidi miezi 6, na mwanafunzi huhitaji pia ripoti ya daktari, kwa hiyo anayeanza Februari ashughulike na hayo Oktoba, kabla ya kuanza kuulizia vyumba.