Vibarua wa Lebo Mbele ya Macho ya Wasanii

Kompyuta inapotaja kwamba kilichomo pichani ni mbwa au kiti, inaegemea maamuzi yaliyokwisha kufanywa na watu mbele ya skrini, wengi wao kwa ujira wa senti chache. ImageNet, hazina ya picha zaidi ya milioni 14 iliyotangazwa mwaka 2009, ilipangwa katika makundi na maelfu ya vibarua waliopatikana kupitia Amazon Mechanical Turk, tovuti ya kugawia watu kazi ndogondogo za kompyuta kwa malipo. Wasanii wa kidijitali wamejitahidi kuifichua kazi hiyo. Je, kuifichua kunamfaa aliyeifanya?

Wanaoitetea sanaa hii wana hoja nzito. Katika Segmentation.Network ya mwaka 2016, Sebastian Schmieg anaonyesha, mmoja baada ya mwingine, michoro zaidi ya 600,000 ambayo vibarua waliichora kwa mkono kufuata kingo za vitu pichani, hata kile kilichodhaniwa kuwa hesabu tupu kikaonekana kuwa jasho la watu. Anna Ridler alikwenda mbali zaidi: kwa ajili ya Myriad (Tulips) ya mwaka 2018 alipiga mwenyewe picha 10,000 za maua ya tulipu, akaiandikia kila moja lebo kwa mkono. Anayelazimika kuamua, ua baada ya ua, wapi njano inaishia na rangi ya chungwa inaanzia, anatambua kwamba kuainisha ni kuhukumu, na kwamba hukumu hiyo inachosha.

Hata hivyo, uchovu wa Ridler una jina lake ukutani. Wa kibarua hauna. ImageNet Roulette ya Kate Crawford na Trevor Paglen, mwaka 2019, programu iliyozibandika picha za watu lebo kutoka ImageNet, ilizua mjadala mkubwa kuhusu lebo za matusi walizobandikwa watu, na wasimamizi wa ImageNet wakatangaza kuondoa picha takriban 600,000. Lakini mjadala huo uliwahusu zaidi waliobandikwa lebo kuliko waliozibandika. Naye Aaron Koblin, katika The Sheep Market ya mwaka 2006, aliwalipa vibarua senti 2 za dola kwa kila kondoo waliyemchora, wakafika kondoo 10,000, na sifa ikamwendea yeye.

Kwangu mimi, faida inazidi hasara, kwa sharti moja. Maandishi yanayowekwa kando ya kazi ya sanaa, yale yanayotaja nyenzo na ukubwa wake, yataje pia nani alilipwa na kiasi gani. Koblin aliutaja ujira huo waziwazi, na ndiyo maana leo tunaweza kumhoji.